Aliyesoma Peke Yake

Jirani yangu wa Mkuza hatunaye tena. Habari nilipewa na mkewe getini asubuhi ile alipofariki, akiwa bado na kanga aliyotoka nayo wodini. Kwa kuwa wengi mnaosoma safu hii mna watoto wadogo, leo nitamzungumzia mtu huyu bila kumpamba. Alikuwa karani, kila siku Dar na kurudi, na hata arudi amechoka vipi, hakuna aliyelala nyumbani kwake kabla Biblia haijasomwa. Alisoma yeye tu. Mkewe na watoto walikaa mkekani, kimya. Jioni moja alinikaribisha, nikamwona binti yake mdogo, ndiyo kwanza anajua kusoma, akifuatisha maneno kwa midomo. Nikasema, "Jirani, mpe na huyu mstari mmoja." Akatabasamu. "Atakosea, ndugu yangu. Neno la Mungu si la kujifunzia." Nilipong'ang'ania, akampa. Alimkatiza kila neno mpaka mtoto akalia. Niliondoka nimeudhika, na hasira ile haijaniisha.

Kisha koo lake likaugua, sauti ikaenda. Mtu aliyekuwa akisikika mpaka sebuleni kwangu akawa wa kuongea kwa ishara. Jioni alikionyesha kitabu kwa kidole, kisha akawaonyesha watoto. Mama yao aliwabembeleza, "Msomeeni baba, hata kidogo tu." Wakainamisha vichwa. Haukuwa ukaidi. Walimwogopa hata alipokuwa hawezi tena kuwakosoa. Alikufa bila kusomewa na mwanawe hata mmoja, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe. Wengi wetu tunalea hivyohivyo. Tunataka imani ya mtoto itoke imenyooka kama shati la kanisani, na akikosea tunaona aibu yetu, hatuoni kwamba anajaribu.

Tulimzika Kisarawe, kwenye shamba lake la Kibuta. Mchungaji aliuliza kama kuna mtoto atakayesoma. Kaka zake yule binti walitazama chini, akajitokeza yeye. Alisoma kwa kusuasua, na katikati ya mstari akakosea. Akageuka kulitazama jeneza, akangoja. Tulingoja naye, watu wazima wote pale, mpaka mama yake akamwambia taratibu, "Endelea, mwanangu."

Neno hilo moja lilimtosha, akasoma mpaka mwisho. Mwenye mtoto amwambie neno hilo jioni ya leo, angali anaweza kumsikia akisoma.