Foleni Imeambiwa Mtandao Umekata

Jamani, leo nimeanza kumtilia shaka mtu ninayekunywa naye chai kila siku.

Nilikuwa nasasisha programu za swichi za mtandao kwenye ofisi yetu ya kuandikisha wakimbizi, hapa Kigoma.

Swichi ziko mbili kwa makusudi. Ukizima moja, nyingine inabeba kazi, na mwenye kompyuta hajui kitu.

Nikamwambia karani wa dirishani, mwenzangu wa chai, "Kaka, we endelea kuandikisha. Mtandao haukati."

"Sawa, fundi."

Nikaingia chumba cha mitambo. Nikasasisha ya kwanza, ikawaka. Nikahamia ya pili. Mtandao haukuyumba hata kidogo.

(Nilishaanza kujipongeza, msinicheke.)

Natoka nje, mabenchi matupu!

Karani anachambua samaki wake, mgebuka, ugali pembeni.

"Watu wako wapi?"

"Nimewaambia mtandao umekata, warudi kesho. Si nimekuona umeingia na laptop?"

"Ulijaribu kufungua mfumo wa kuandikisha?"

Anatoa miiba.

Kumbe mlangoni amebaki bibi mmoja Mrundi, anasubiri gari la kambini. Amesikia yote.

Nikamwamkia, nikamrudisha dirishani. Akaandikishwa palepale, mgebuka unapoa. Bila kuandikishwa, huyu hapati mgao wa chakula.

Akanigeukia taratibu.

"Mwanangu, na zile siku nyingine zote tulizorudishwa, mtandao ulikuwa umekata kweli?"

Nyie mngemjibu nini?

Maana mimi taarifa za mtandao kukata huwa naletewa na karani huyuhuyu.