Umesala?

Mkahawa ulikuwa chini ya ghorofa moja pale Bukoto, na mimi nilikuwa katika wiki yangu ya majaribio. Mpishi aliyenitangulia alikuwa amefukuzwa kwa sababu ya kidole. Ndivyo nilivyosikia: alijikata, mwenye mkahawa akaona damu, akamwambia avue aproni. Nilikuwa nimetoka Kenya kufuata kazi nyingine iliyokufa kabla sijaianza. Kama hii nayo ingeniponyoka, ningepanda basi nirudi kwetu mikono mitupu. Nilitaka sana kubaki.

Mwenye mkahawa tulimwita nyabo, kama mama yeyote wa heshima anavyoitwa hapa. Alikuwa Mganda, na Kiswahili chake alikiokota alipokuwa akipika katika kambi ya polisi. Kilikuwa kifupi, cha amri, na kila kilipomwishia alikijazia Kiganda bila kuomba radhi. Mwenzangu jikoni alikuwa mama mtu mzima kutoka Kongo, aliyechemsha maharage huku akiimba pambio mchana kutwa.

Siku hiyo, wateja wa chakula cha mchana hawajaanza kuingia, kisu kiliteleza juu ya kitunguu kikanipata kidole cha shahada. Halikuwa jeraha la kusimulia. Nyumbani ningelinyonya nikaendelea na shughuli zangu. Lakini damu haijui udogo wa jeraha, ikatiririka. Nikakunja kidole ndani ya kiganja, nikakifunika kwa pindo la aproni, nikawa nakata vitunguu kwa mkono mmoja, jambo ambalo hata kipofu angelishuku.

Nyabo akaja. Akautazama ubao wa kukatia, kisha akanitazama mimi.

“Wewe. Umesala?”

Nikashusha pumzi. Kumbe ni mambo ya dini! Waajiri wa namna hiyo nilikwisha kuwaona, wanaotaka kujua kwanza kama mtu anamcha Mungu, ndipo waulize kama anajua kupika.

“Ndiyo, nyabo. Nimesali.”

“Saa ngapi?”

“Asubuhi, kabla sijaja.”

“Tangu asubuhi!”

Nikaona nimempendeza, nikaongeza chumvi. “Mimi ni kila siku, nyabo. Mama yangu ndiye aliyenifundisha, tangu nikiwa mdogo.”

Mama wa Kongo akaacha kuimba.

“Kira siku?” nyabo akauliza taratibu. Kisha akanyoosha mkono wake. “Reta kono.”

Hilo nililielewa. Nikajua safari ya kwetu imewadia. Alinivuta hadi kwenye bomba, akakifungua kiganja changu na kukiweka kidole chini ya maji yanayotiririka, mpaka nikauona mkato wenyewe, mfupi na wa aibu. Mama wa Kongo akaja na chumvi kwenye kijiko.

“Tutie kidogo, itakausha.”

“Wacha! Hii si nyama.” Nyabo alichukua kitambaa safi cha sahani, akakikandamiza juu ya jeraha, akanishikisha. “Finya. Kono juu. Usifungue-fungue kuangaria.”

Nikasimama hivyo, mkono juu, kama mwanafunzi anayejua jibu. Yeye akamwaga vitunguu vyote kwenye pipa la taka, akausugua ubao na kisu kwa sabuni, akavimwagia maji ya moto. Nilingoja aniambie nivue aproni. Damu ilipokata, akakausha kidole, akanifunga plasta, akanivisha glavu juu yake.

“Kesho njoo mapema,” akasema. “Nitakufundisha kushika kisu. Mama yako alikufundisha vibaya.”

Akaondoka. Nilikasirika. Kidole changu angeweza kukisema atakavyo, lakini sala za mama yangu zilimhusu nini? Nikamgeukia mwenzangu nilalamike, nikamkuta ameegemea meza, machozi ya kicheko yanamtoka.

“Ule hakuuliza juu ya maombi,” akasema. “Kusala ni Kiganda. Ni kukata. Alikuuliza kama umejikata, na wewe unamuambia unajikata kila siku, ni mama alikufundisha!”

Nilicheka naye mpaka kidole kikaanza kupwita ndani ya plasta. Kisha nikamuuliza mbona basi sikufukuzwa kama yule mwingine.

“Ule mupishi wa mbele?” Akajifuta macho, akaanza kuonja maharage yake. “Naye alimuuliza vile vile, ‘Umesala?’ Akasema hapana. Kisha damu ikaonekana mu kachumbari. Ni juu ya ile alimufukuza, haikuwa juu ya kidole. Wewe uliitika mara moja. Nyabo anapenda mutu wa kweli.”

Nilichukua kitunguu kingine, nikakimenya. Kama ningelielewa lile swali, ningesema hapana.