Meli Haina Uchochoro

Bi Hafidha wa Mgeta si mtu wa kuogopa ovyo. Amewahi kufukuza ngedere shambani kwa kikaango. Amewahi kumshusha dereva wa lori kwenye usukani kwa sababu alikuwa anasinzia kwenye kona, tena lori limejaa kabichi zake. Na siku moja pale sokoni Nyandira alimwambia mgombea mmoja, mbele ya wapiga kura wake, kwamba ile barabara aliyoahidi ameiona kwenye kalenda yake ya kampeni tu. Ni kiumbe mmoja tu duniani ambaye yeye alikuwa anamkimbia: mkwewe, Abdallah.

Si kwamba Abdallah alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mhadhiri huko Mzumbe, mpole, mwenye miwani, anayefundisha namna ya kusimamia watu ilhali nyumbani kwake hata paka hamsikilizi. Tatizo lilikuwa ukwe. Kwa Bi Hafidha, mama mkwe hali meza moja na mkwe, hapiti mbele yake kichwa wazi, hamtazami usoni zaidi ya kiasi cha kumtambua, na wakikutana njiani, mmoja wao anaingia kwenye migomba. Kwa miaka yote ya ndoa ya binti yake, migomba ya Mgeta ilikuwa imetosha. Abdallah akija kusalimia, anapiga honi kwenye kona ya chini. Bi Hafidha anaingia ndani. Salamu zinapita dirishani, mzigo wa karoti unatokea mlango wa nyuma, na kila mtu anarudi kwake na heshima zake.

Goti ndilo lililoharibu mambo. Msimu wa njegere, Bi Hafidha aliteleza na gunia kichwani kwenye ile njia ya kushukia barabarani, goti likavimba kama boga, na binti yake Shamsia akapata sababu aliyokuwa anaitafuta. Shamsia ni afisa maendeleo ya jamii, na jamii iliyo karibu naye zaidi kwa kuendelezwa ni ukoo wake mwenyewe. Akatangaza kwamba mama anashuka mlimani, anahamia kwao Mzumbe, chumba kipo.

"Nyumbani kwa mkwe?" Bi Hafidha akauliza. "Siku nikiharisha, nipishane na mkwe mlangoni mwa choo?"

"Mama, hayo mambo ya zamani."

"Kuharisha ni kwa zamani?"

Shamsia akaenda kununua rangi ya kupaka hicho chumba, na rangi hiyo ndiyo iliyoleta balaa, maana kampuni iliyoitengeneza ilikuwa inachezesha bahati nasibu. Abdallah alikwangua kifuniko cha kopo la pili, akakuta ameshinda safari ya watu watatu, wiki nzima kwenye meli ya kitalii: Dar, Zanzibar, Komoro, hadi Madagaska na kurudi. Shamsia akaona mwanga. Kama mama na mkwe wakiweza kukaa wiki nzima kwenye chombo kimoja katikati ya bahari, nyumba ya Mzumbe yenye uwanja na uzio itawashinda nini?

"Tunakwenda wote watatu," akamwambia mama yake. "Ukiweza kuishi naye melini, tukirudi unahamia kwetu. Ikishindikana, ubaki na mlima wako, sitakusumbua tena maishani."

Bi Hafidha akatazama matuta yake ya koliflawa yaliyoshuka mteremkoni kama ngazi, akatazama mpeasi aliopanda marehemu mumewe, akasema sawa. Moyoni alikuwa ameshaamua kufeli. Hakujua tu atafelije bila kumvunjia mkwe heshima, maana kugombana na mkwe nako ni mwiko.

Mansuri, mtoto wa Shamsia na Abdallah, akaachwa kwa shangazi yake, nao wakaondoka.

Meli ilikuwa ghorofa kumi na moja za watu wasio na haraka ya kwenda popote. Somo la kwanza Bi Hafidha alilipata kabla hata nanga haijang'olewa: meli haina migomba. Haina uchochoro, haina kona ya chini ya kupigia honi, na kila ukuta ni kioo. Walipewa vyumba viwili vidogo, kimoja cha wanandoa na kimoja chake, na katikati bafu moja lenye milango miwili, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Bi Hafidha alisimama mbele ya ule mlango wa upande wake kwa muda, mikono kiunoni.

"Aliyejenga hiki kitu," akasema, "hana mkwe."

Kuanzia hapo akawa anakohoa kabla ya kuingia bafuni, na Abdallah, upande wa pili, anakohoa kujibu. Majirani wa chumba cha tatu wakaenda kuuliza kama kuna ugonjwa unaoambukiza.

Somo la pili lilihusu salamu. Wahudumu wa meli, vijana kutoka pembe zote za dunia, walimsalimia kwa Kiingereza kila alipopita, na Bi Hafidha, ambaye hawezi kufikiria kijana anayefungua mdomo mbele ya mzee kwa jambo jingine lolote isipokuwa shikamoo, akawa anawajibu wote: "Marahaba, mwanangu." Hadi kufika Zanzibar, wapishi, wasafishaji na hata nahodha, bwana mwenye mabega ya dhahabu, walikuwa wakimwona tu wanamwambia "Marahaba!" kwa sauti kubwa, naye anawaitikia kwa huruma, akijua wamejitahidi.

Bufee nayo ilimtesa. Si kwa uhaba, bali kwa wingi. Kwao chakula kikipakuliwa mbele yako unakimaliza, kuacha ni kumtukana mpishi; sasa huyu mpishi alikuwa anajaza upya kila Bi Hafidha anapomaliza. Siku ya kwanza alipigana na sinia la viazi hadi akashindwa kuinuka. Wazungu waliolala juani kando ya bwawa aliwapita akiwatazama kama makopa ya muhogo yaliyoanikwa, akawa anajizuia asiwageuze upande wa pili. Na jioni alipokuta taulo lake limekunjwa umbo la bata juu ya kitanda, hakuthubutu kulivuruga. Alijifutia kanga wiki nzima, na bata wakaongezeka kila siku, hadi chumba kikawa banda.

Katika yote hayo, mkwe hakuonwa. Bi Hafidha alikula wakati watu wengine wanaoga, akaoga wakati wengine wanakula. Siku ya mazoezi ya ajali, abiria wote walipoamriwa kusimama mstari mmoja na majaketi okozi ya rangi ya chungwa, alijifunika kanga mbili juu ya jaketi lake, akasimama kando ya Abdallah kama kabati lililofunikwa shuka, na Abdallah akatazama angani hadi shingo ikamkaza.

"Mama, huku si kuishi," Shamsia akalalamika. "Huku ni kujificha. Haihesabiki."

"Basi nihesabie nimeshindwa."

"Hujashindwa. Hujajaribu."

Kisha likatokea la bwawa. Asubuhi moja Bi Hafidha, akidhani mkwe yuko kwenye mhadhara wa bure kuhusu pomboo, akakata kona kuelekea kwenye kivuli. Abdallah naye, akidhani mama mkwe yuko kwenye mafunzo ya kuchonga matikiti, alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa na bukta ya maua. Bukta tu. Miguu yake, ambayo Bi Hafidha hakuwahi kuijua na hakuwa na mpango wa kuijua, ilikuwa hadharani yote.

Bi Hafidha akageukia ukuta. Abdallah, kwa heshima, akazama.

Alizama akakaa huko huko chini, amejikunja, akisubiri mama apite. Lakini mama naye alikuwa ameganda, amebandika paji la uso ukutani, akisubiri mkwe aondoke. Povu likaanza kupanda juu. Mwokoaji wa bwawa akapuliza filimbi, akajitosa, akamtoa Abdallah kwa nguvu, akamlaza chali na kuanza kumbonyeza kifua, huku Abdallah akijitahidi kusema, "Niache, niache, yule ni mama mkwe," kwa Kiswahili, kwa mtu asiyejua hata neno moja.

Shamsia alipoletewa mume aliyevikwa blanketi, alicheka kwanza, kisha akalia kidogo, kisha akasema kwa ukali wa kiserikali kwamba zimebaki siku chache na angependa kuona mabadiliko.

Walipoiacha Komoro nyuma, bahari ikachafuka. Meli ikaanza kulala ubavu na kuinuka, sahani zikahama meza zenyewe. Bi Hafidha, aliyezeeka akishuka Mgeta kwa lori, juu ya magunia ya viazi, hakuona cha ajabu; alishangaa tu kwamba hakuna kona. Shamsia alimeza vidonge akalala fofofo. Abdallah alihamia bafuni, akapiga magoti mbele ya choo, akabaki hapo.

Upande wa pili wa mlango, Bi Hafidha alimsikia. Akasikia tena. Akavumilia, akakohoa, akajibiwa kwa sauti ambayo haikuwa kikohozi. Akaona aibu ya ukwe ina mipaka yake. Akaenda hadi jikoni, akawaonyesha wapishi kwa mikono tangawizi, limau na maji ya moto, akarudi na kikombe, akaufungua mlango kiasi cha kupitisha mkono mmoja, uso ameugeuzia kwenye bata wake.

"Baba Mansuri. Pokea, unywe kidogo kidogo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinisalimie ukiwa hapo, kunywa."

Mlango ukarudishwa, ukabaki wazi upana wa kidole. Akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango. Upande wa pili naye Abdallah akaketi, mgongo kwenye mlango huo huo. Tangawizi ikafanya kazi yake. Na pengine kwa sababu hakuna aliyemwona mwenzake, pengine kwa sababu mtu aliyetapika mbele ya mkwewe hana tena la kuficha, Abdallah akasema:

"Mama, naomba nikuambie kitu, usinielewe vibaya."

"Sema, baba."

"Mimi ukihamia kwetu... nitakufa."

Meli ikalalia upande, ikarudi.

"Si kwa ubaya, mama. Mimi nikitoka kufundisha, navua suruali mlangoni. Nakula ugali mbele ya televisheni na singleti, naipigia kelele timu yangu. Ndiyo starehe pekee niliyo nayo. Ukiwepo nitavaa suruali na shati hadi siku naingia kaburini. Nimeshindwa kumwambia Mama Mansuri, ataniona sikupendi."

Bi Hafidha akaanza kutikisika. Abdallah akadhani analia, akaanza kuomba radhi. Hakuwa analia. Alikuwa amejaza kanga mdomoni.

"Baba Mansuri," akasema alipopata pumzi, "mimi nikitoka shambani navua kila kitu, nabaki na upande mmoja wa kanga, nakaa kizingitini nachokonoa meno na kuutukana ukungu. Nitafanyia wapi hayo, Mzumbe?"

Wakacheka wote wawili, mlango ukatetemeka.

"Lakini goti, mama. Mama Mansuri anaogopa kweli. Mimi pia."

Bi Hafidha akalipapasa goti lake. "Linauma," akakiri, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Basi magunia yashushwe kwa pikipiki. Wewe ushuke mikono mitupu. Hilo tu nakuomba."

"Mikono mitupu watu watasema nimekuwa bibi harusi."

"Waseme."

Akafikiri. "Haya. Pikipiki. Sasa tumwambieje mwanangu? Yule ukimkatalia ndiyo unamwongezea mafuta."

"Tusimkatalie," akasema mhadhiri wa kusimamia watu, na kwa mara ya kwanza elimu yake ikapata kazi. "Tumkubalie."

Kesho yake bahari ikatulia, na Bi Hafidha akatangaza kwamba amejirekebisha. Kuanzia leo anakula meza moja na mkwe. Ila kwa heshima zote. Shamsia nusura ampigie vigelegele.

Heshima zote zilikuwa hivi. Mama aliketi ameipa meza mgongo. Mkwe aliketi ameupa mgongo mgongo wa mama. Wote wawili hawakuweza kwenda kupakua, maana mama hawezi kuonwa na mkwe akibeba sahani, na mkwe hawezi kumwinukia mama akiwa hajamaliza. Kwa hiyo Shamsia akapakua.

"Shamsia, muulize Baba Mansuri kama ameamka salama."

"Mama, si huyo hapo? Anakusikia."

"Sina uhakika. Muulize."

"Baba Mansuri, mama anauliza umeamkaje."

"Mwambie mama nimeamka salama, na goti lake linaendeleaje?"

"Mama, anauliza goti."

"Mwambie linamshukuru. Na mwambie naomba chumvi, kama ameshamaliza kuitumia."

Chumvi ilikuwa karibu na kiwiko cha Abdallah. Ilizunguka meza kwa mkono wa Shamsia, ikarudi kwa mkono wa Shamsia. Supu yake ikapoa. Wali wake ukapoa. Ikawa hivyo mchana, ikawa hivyo jioni. Wakienda matembezi, mkwe mbele hatua nyingi, mama nyuma hatua nyingi, Shamsia katikati akikimbia na ujumbe kama kondakta. Mama akitaka kuingia bafuni, Shamsia akachunguze. Mkwe akitaka kutoka, Shamsia akatangaze.

Dar ilipoanza kuonekana kwa mbali, wakiwa kwenye chai ya mwisho, Bi Hafidha akasema kwa upole, "Shamsia, muulize Baba Mansuri kama huko Mzumbe atapenda nianze kuamka kabla yake au baada yake, ili uwe unatupangia."

Shamsia akakitua kijiko.

"Mama, unarudi Mgeta."

"Mwanangu! Na mimi ndiyo nilikuwa nimeanza kuzoea."

"Mgeta, mama. Leo leo."

"Mwambie mama," akasema Abdallah, akitazama bahari kwa nguvu zake zote, "kwamba nimesikitika sana."

Chumba kile kilichopakwa rangi sasa kimejaa viazi mviringo na karoti kutoka mlimani. Magunia yanashuka kwa pikipiki, na Bi Hafidha anashuka nyuma yake mikono mitupu, akiwaeleza watu wa Nyandira kwamba meli ni nzuri sana kwa mtu asiye na mkwe. Abdallah bado anapiga honi kwenye kona ya chini. Bi Hafidha bado anaingia ndani. Ila siku hizi mlango unaachwa wazi upana wa kidole, kigoda kimoja kinawekwa nje na kimoja ndani, migongo inakutana na ubao, na Shamsia, akiwa jikoni, hajaelewa hadi leo kwa nini watu wawili wanaoogopana kiasi hicho wanacheka hadi mlango unatetemeka.