Pointi Mbili za Daktari Ajwang

Miezi mitatu imepita tangu tumpumzishe dada yetu Nakhumicha, mama yake Fidel, katika shamba la baba yake kule Kimilili. Machozi bado yapo, lakini shukrani zimeyazidi, kwa kuwa Mungu alituazima mtu mnyoofu. Siku chache tu za maisha yake zatosha kumwonyesha alivyokuwa.

Kwa miaka kumi na tisa Nakhumicha alikuwa karani wa idara ya watoto katika chuo kimoja cha udaktari hapa Nairobi. Kazi yake mojawapo ilikuwa kujumlisha pointi za wahadhiri. Anayetaka kupanda cheo huhesabiwa makala za utafiti alizochapisha, wanafunzi aliowasimamia na mengine ya aina hiyo, kisha faili lake huenda kwa kamati. Kuwa mhadhiri mwandamizi kulitaka pointi thelathini.

Daktari Ajwang, mhadhiri wa idara hiyo, alikuwa ameomba mara mbili na kunyimwa. Uvivu hakuwa nao. Asubuhi zake zote ziliishia wodini, akiwaonyesha wanafunzi namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyelia apate kupumua, na kazi hiyo haikuwa na pointi. Safari hii ya tatu kompyuta ilimpa thelathini na moja. Nakhumicha alipoiona hesabu hiyo Jumatano asubuhi, aliimba wimbo wa kwaya peke yake ofisini.

Kisha akapitia orodha, makala moja moja, kama alivyozoea. Ya mwisho ilihusu minyoo ya samaki wa ziwani. Ilikuwa ya Ajwang mwingine kabisa. Kompyuta ilichanganya majina. Pointi tatu nzima.

Mafaili yalikuwa yanafungwa Ijumaa jioni. Nani angegundua? Kamati ilisoma jumla, haikusoma minyoo. Alikaa na jambo hilo hadi saa saba, chakula kikamshinda. Akasali kwa ufupi kwenye ngazi, akapiga moyo konde, akabisha mlango wa Daktari.

"Daktari, humu kuna makala si yako."

Ajwang akavaa miwani, akasoma, akaangua kicheko. "Haki, Mama Fidel! Kwa sababu mimi ni Mjaluo, basi kila samaki ni wangu?"

"Kompyuta ndiyo imesema."

"Iambie mimi namjua samaki akishakaangwa. Futa." Kicheko kikaisha. Akavua miwani. "Zimebaki ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Sawa tu. Nimezoea."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Nakhumicha kuliko kama angelaumiwa. Alirudi mezani, akaisoma fomu upya tangu mstari wa kwanza. Ukurasa wa sita ulikuwa na kipengele ambacho wahadhiri wote walikiruka kwa sababu ya usumbufu wake: mwongozo wa kufundishia unaotumika katika vituo vya afya, pointi moja kwa kila kituo, mradi pawe na barua yenye muhuri. Na mwongozo wa Ajwang, kurasa nane, aliuchapa yeye mwenyewe miaka minne nyuma.

Alhamisi akaomba ruhusa. Alianza na kituo kimoja cha Riruta, karibu na kwake. Ukurasa wa tatu wa mwongozo ulikuwa umebandikwa kwa plasta juu ya meza ya watoto wachanga, umejaa madoa ya dawa. Muuguzi Valarie aliandika barua papo hapo.

"Kumbe huyu daktari yuko hai?" aliuliza. "Mimi nilidhani ni wale wa zamani, wa vitabuni."

Kituo cha pili, cha Mutuini, ndiko alikosota. Muhuri ulikuwa umefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa mkutanoni. Nakhumicha akakaa saa tano kwenye benchi la wajawazito, hadi mmoja akamuuliza mimba yake ina miezi mingapi.

"Hili ni tumbo la chapati, mama," akajibu. "Halina kliniki."

Benchi zima likacheka. Aliondoka na barua mkononi.

Ijumaa faili likaenda na pointi thelathini kamili, zote za halali. Kamati ilichukua wiki nyingi, na kila Jumatano ya maombi Nakhumicha aliliweka jina la Ajwang mbele za Mungu. Barua ya cheo ikatoka mwezi wa nane.

Jumapili iliyofuata Daktari Ajwang alikuja kanisani kwetu na sadaka ya shukrani. Akashika maikrofoni, akasimulia yote, hatua kwa hatua, bila kuficha kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekata tamaa. Nakhumicha, aliyejibanza nyuma ya kwaya, akawa anampungia mkono.

"Kaa chini, Daktari! Watu wana njaa!"

Hakukaa. Alimwita mbele kwa jina, akamshika mkono, akasema kwamba ofisini mwake kuna mtu asiyepimwa na kamati yoyote. Dada yetu akalia mbele ya kanisa zima, nasi tukasimama, tukamshukuru Mungu kwa sauti.