Togwa ya Bibi Haikukolea

Mwalimu wa Biolojia alisema seli haina ghala la ATP, ile kemikali inayobeba nguvu yake. Iliyopo inatosha sekunde chache tu. Fosfati moja ikitoka, nguvu inaachiwa, inabaki ADP. Halafu chakula kinatoa nguvu ya kuirudisha ile fosfati, hivyo hivyo bila kupumzika. Nilipiga mstari chini ya maneno hayo. Sikujua kwamba wiki ileile nitayawaza nikimwangalia bibi.

Bibi alikuwa ametoka hospitali. Malaria imeisha, ila chakula hali. Tulikuwa wawili tu hapa Kihesa. Mama alikwenda Mbalizi kwenye msiba, kurudi Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Ugali hataki. Maziwa anageuza uso. Kikombe kinamshinda kunyanyua. Kope zake zikishuka nawaza, hata hiyo inakula ATP, sasa inatoka wapi? Mwili ukikosa chakula unachoma mafuta, lakini bibi yangu mafuta anayo wapi? Niliogopa atazimika mikononi mwangu.

"Nitengenezee togwa," alisema.

Nikapika uji mzito wa mahindi. Kimea, ule unga wa ulezi uliochipushwa, nikakimimina chote sufuria ikiwa bado inachemka. Nilikuwa na haraka. Asubuhi uji ulikuwa mzito vilevile, hauna hata utamu. Bibi alilamba kijiko.

"Mjukuu wangu, kidato cha tatu chote hicho, unanipikia gundi?"

Nilicheka, halafu nikaenda kulia nyuma ya choo. Kimea kimeisha. Jirani anacho, lakini mimi watu nawasalimia nikiangalia ndala zangu. Nilisimama mlangoni kwake mpaka kuku wake wakanizoea.

"Kamwene, we bubu! Leo umekuja na sauti?" jirani alinisalimia.

Nikamweleza, nusu nalia.

"Ulikitia uji ukichemka?"

"Ndiyo, mama."

"Basi umekiua. Uupoze kwanza, mpaka kidole kivumilie. Shuleni hamfundishwi?"

Tunafundishwa. Vimeng'enya vinakata wanga kuwa sukari, na joto kali linaviharibu. Swali hilo kwenye jaribio nilipata. Sikuwahi kuwaza kwamba vimo ndani ya kopo la bibi.

Alinipa kimea kikombe kizima. Nikapika upya, nikaupoza, nikaenda kuchovya kidole cha bibi mwenyewe maana changu sikukiamini tena. "Sasa," akasema. Nikatia kimea, nikakoroga, nikafunika, nikakaa chini kusubiri huku nahesabu pumzi zake.

Kabla ya jioni ulikuwa mwepesi, mtamu. Nilimnywesha kwa kijiko. Vijiko sita, akafumba macho, nikaona basi, amechoka. Baadaye nilipomsogezea tena kijiko akasukuma mkono wangu, akashika kikombe mwenyewe. Kilitetemeka, togwa ikamwagikia blanketi.

Sikuifuta. Niliuangalia ule mkono mpaka ukafika mdomoni.