Maziwa ya Mama wa Ng'ambo

Nilipopelekwa mto Tana nilikuwa kijana wa Unguja, nina sare mpya ya askari na tumbo la kuchagua. Boma letu lilikuwa ua wa magogo na miiba ukingoni mwa mto, si mbali na Garsen. Kila kitu cha huko nilikichukia. Samaki wa mto walinuka tope. Mbu hawakungoja jua lichwe. Nililala nikiwaza wali wa nazi wa mama yangu na kahawa ya barazani, na kukicha nikawa mtu wa kununa.

Niliyelala naye kibanda kimoja alikuwa mtu mzima wa Tanga. Yeye akipewa ndizi ya kuchoma na jirani zetu, wakulima wa Kipokomo, alikaa chini kabisa akaila polepole, amefumba macho. Nilimwona mshamba.

"Yakhe, ndizi tu hiyo," nilimwambia siku moja.

"Basi nipe yako," akajibu, na mkono ameshaunyoosha.

Kisha ikaja habari kwamba wanyang'anyi wa ng'ombe wanashuka kutoka bara, na kijiji kimoja upande wa juu wa mto kimeshachomwa. Wapokomo wakaacha mashamba yao, wakaingia bomani na watoto, kuku na vyungu. Mkubwa wetu akafunga lango. Amri yake ilikuwa fupi: yeyote atakayevuka kutoka ng'ambo apigwe risasi.

Tukawa tunakula mtama uliokwisha kuingiwa na wadudu. Askari waliozoea kutaniana sasa waligombea kivuli. Ndege akiruka ghafla kwenye matete, boma zima linanyamaza.

Mchana mmoja, jua la utosi, nilikuwa zamu juu ya jukwaa la kulindia. Niliona vumbi ng'ambo. Nikapiga mluzi, wenzangu wakapanda mbio, bunduki zikalazwa juu ya magogo. Matete yalianza kutikisika. Kidole changu kilikuwa kwenye chuma na jasho linaniingia machoni, nami sikuthubutu kulifuta.

Kikatoka kichwa cha ng'ombe. Nyuma yake akatoka mwanamke, mtoto mgongoni, kibuyu begani, anamvuta ndama kwa sikio kuingia majini, na nyuma yao wanawake wengine na ng'ombe wao.

"Ni wanawake!" nikapiga kelele. "Bwana, ni Waorma, wafugaji wa hapa hapa. Wanakimbia!"

"Huenda ni hila," mkubwa akasema. "Ngojeni neno langu."

Pembeni yangu bunduki ikalia. Mmoja wetu alikuwa ameshindwa kungoja. Risasi ikachana maji karibu na yule mama, ng'ombe wakageuka wakaanza kukanyagana. Yeye hakurudi nyuma. Alisimama maji yakimfika kiunoni, akatutazama.

Nikashusha bunduki yangu. Mtu wa Tanga alikuwa ameshashusha yake. Mkubwa akatuangalia mmoja baada ya mwingine, nami nikajua adhabu ya kukaidi amri ni nini. Kisha akamtazama yule mama majini.

"Fungueni lango," akasema. "Pelekeni mitumbwi."

Wapokomo ndio waliopiga makasia, wengine wakichapa maji kwa fito kuwatisha mamba. Mtamba mmoja alivutwa chini mbele ya macho yetu. Watu wote walifika. Walikuwa wanawake, wazee na watoto. Waume walibaki nyuma kuwazuia wanyang'anyi, na hakuna aliyejua kama wako hai.

Alasiri tukabaki tumepangwa kwenye ua, tukiwangoja hao waliokuwa wakiwafukuza. Yule mama akaja na kibuyu chake, akasimama mbele yangu.

"Kunywa," akaniambia kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Wewe hapana piga."

Nilikunywa nimesimama, macho kwenye matete. Yalikuwa maziwa yaliyoganda kidogo, ya baridi, yana harufu ya moshi wa kuni uliofukiziwa kibuyu. Nimekaa kwenye karamu nyingi tangu siku ile. Sijapata tena kuonja kitu namna ile, ulimi wote uko macho, kwa kuwa sikujua kama nitaonja kingine.

Wanyang'anyi hawakuja. Mvua ya bara ilijaza mto, ukafurika, nao wakashindwa kuvuka, wakarudi kwao. Kisha waume wa Kiorma wakaanza kufika mmoja mmoja. Wa yule mama alifika na jeraha la mkuki begani. Wengine hawakufika, na kilio cha wake zao tulikisikia mpaka masikio yakatuuma.

Maji yalipopungua, Wapokomo walirudi kupanda mpunga upya. Niliomba ruhusa nikawasaidie. Mkubwa alinikazia macho, akaniruhusu. Nikakunja suruali, nikaingia topeni hadi magotini. Bibi mwenye shamba alinitazama ninavyochimba vishimo vya mbegu, akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Mwanangu, unapanda mpunga au unazika mtu?"

Nikacheka nami, kicheko changu cha kwanza tangu nitoke Unguja. Mgongo uliniuma, jua lilinichoma shingo, na tope lilikuwa laini na vuguvugu kati ya vidole vya miguu. Bibi akaushika mkono wangu, akanionyesha kina cha shimo.

"Hapa tu," akasema. "Tia. Fukia. Haya, songa mbele."