Mzimu wa Kwenye Friji na Mama Mkwe Wangu

Msimu mpya wa katuni za Kijapani ulipoanza mwaka huu, nilikuwa na furaha ya mtu aliyelipwa mshahara kabla ya mwisho wa mwezi. Nasema katuni kwa sababu ndivyo tunavyoita nyumbani, ingawa vijana wa karakanani kwetu Manzese, tunakotengeneza madirisha ya aluminiamu, hunisahihisha kila siku kwamba hizo ni anime, nisizichanganye na vitu vya watoto. Wao wanapenda za mapigano, watu wanarushiana moto mpaka milima inapasuka. Mimi hizo zinanichosha. Napenda zile nyepesi za kuchekesha, ambazo zinaanza na kwisha hakuna aliyekufa wala aliyeokoa dunia, na mwisho wake watu wanakaa chini wanakula tambi.

Msimu huu kulikuwa na moja iliyoniteka kabisa. Familia imenunua friji la mtumba, na ndani yake kumbe anaishi mzimu wa askari wa zamani wa upanga, mkali, mwenye masharubu, anayeamini kwamba bado analinda ngome. Ngome yenyewe ni mayai na kiporo cha wali. Sehemu ya tatu yote, nasema yote, ilihusu mwavuli uliopotea. Watu wanapindua nyumba, wanashutumiana, baba mtu anataka kulia, na mwavuli umeangukia nyuma ya friji. Mzimu anauona. Hasemi, kwa sababu aliapa kutotoa siri za ngome. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Sehemu ya nne ikawa tamu zaidi. Bibi wa ile familia anafungua friji kila asubuhi na kumwamkia mzimu kwa adabu zote, naye mzimu, mtu aliyewahi kukata vichwa, anaona haya, anajificha nyuma ya kabichi. Nikasema moyoni, aliyeandika hii ana akili, maana anajua hakuna kinachochekesha kama mtu mkali aliyebanwa na heshima. Sikujua kwamba nilikuwa namcheka ndugu yangu.

Kwa kawaida katuni hizi tunaziangalia wawili, mimi na mke wangu, sebuleni kwetu Segerea, Jumamosi mchana. Yeye hucheka kabla yangu, anasoma haraka yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Lakini msimu huu mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, mtoto wetu wa kwanza, na mama yake akaja kutoka Usukumani kumuuguza na kumwogesha mtoto.

Hapa lazima nieleze nilivyolelewa. Mama mkwe ni mtu wa kumpisha. Humpi mkono, huli mbele yake, hukai naye sebule moja ukanyoosha miguu, wala humkodolei macho. Si kwamba mmegombana. Ndiyo heshima yenyewe, na kadiri unavyojitenga naye ndivyo unavyomtukuza. Kwa hiyo alipofika tu, sebule nikamwachia. Asubuhi nilisimama mlangoni nikasema shikamoo mama, macho chini, akaitikia marahaba baba, nikapotea. Chakula nikala jikoni. Mzimu wangu nikamhamishia chumbani, kwenye simu, hedfoni masikioni.

Tatizo la hedfoni ni kwamba zinakuzuia kusikia unavyopiga kelele wewe mwenyewe. Nilikuwa nacheka kitandani nikidhani nacheka kimoyomoyo, kumbe ukuta mzima unasikia. Halafu nikitaka maji lazima nipite sebuleni. Basi nasimama kwanza nyuma ya mlango, nafuta kicheko, nakunja uso vizuri, maana kupita mbele ya mama mkwe meno nje ni utovu wa adabu. Napita nimenuna kama nakwenda msibani. Nilikuwa najisifu kabisa kwamba mwanamke huyu amepata mkwe anayejua mila.

Ijumaa jioni narudi kazini, namkuta mke wangu chumbani macho mekundu. Mama anaondoka. Ameshaongea na mwanawe wa kiume aje kumpokea stendi, Jumatatu anapanda basi.

Nilichoka ghafla. Mke wangu alikuwa bado hawezi kuinama, ndoo ya maji hainyanyui, na mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kunyonya. Bila mkono wa mama yake wote wawili wangelia. Nikamuuliza nani amemuudhi mama. Akanitazama.

"Wewe," akasema. "Mama anasema, 'Mumeo akiwa chumbani anacheka. Akiniona mimi, anakunja uso. Sitaki kumfukuza mtu kwenye nyumba yake.'"

Iliniuma sana. Nilitaka kwenda muda uleule kujieleza, lakini kwenda kujieleza ana kwa ana nako kulikuwa kukosa heshima ileile. Nikamtuma mke wangu, na mama mwenyewe yuko upande wa pili wa pazia, ananisikia nikituma. Mwambie mama ni heshima tu. Jibu likarudi: heshima anaijua, amezaliwa nayo, na wakwe zake wengine nao humkwepa. Ila wao humkwepa wakiwa kimya. Hajawahi kuona wa kumkwepa huku anachekelea.

Mama alikuwa na haki.

Jumamosi mchana nikabeba kiti cha plastiki nikakiweka koridoni, nje kidogo ya mlango wa sebule. Pale ningekuwa nyuma ya kochi lake. Hanioni uso, simwoni wake, mke wangu na mtoto wapo katikati. Mila imesimama na watu wamekaa pamoja. Nikaomba ruhusa kupitia mke wangu, mama akasema haya. Nikaunganisha simu na televisheni kwa waya, nikafungua sehemu mpya, ambayo hata mimi sikuwa nimeiona.

Hapo ndipo jasho liliponitoka, kwa sababu nilikumbuka kitu ambacho kila mpenzi wa katuni hizi anakijua. Ni lazima siku moja wawapeleke watu wao baharini. Ni ugonjwa wao. Na huko baharini hawaendi na makanzu. Nikaomba Mungu isiwe leo. Picha ya kwanza ikatokea: bahari.

Familia yote inakwenda ufukweni, na kwa kuwa mzimu hawezi kutoka, wamelipakia friji kwenye pikapu na kulifunga kamba. Mama hasomi Kiingereza, mke wangu ananyonyesha, kwa hiyo mtafsiri ni mimi huko koridoni. Nikampa mzimu sauti nzito ya mtemi. Kila tuta la barabarani anatangaza tetemeko la ardhi na kuyaamuru mayai yatulie. Nikaona kilemba cha mama kikitikisika kidogo, kisha tena, na moyo ukanienda mbio kuliko siku zote nilizowahi kuangalia katuni. Nikakoleza sauti.

Halafu wakalishusha friji mchangani, mama wa ile familia na binti zake wakatoka kubadilisha nguo, na walichovaa kilikuwa kidogo sana.

Televisheni inaongea Kijapani, hakuna anayetafsiri. Kidole kilikuwa tayari juu ya simu nizime.

"Baba," mama mkwe akasema bila kugeuka, "mbona umenyamaza? Huyo wa kwenye friji anasemaje?"

Tangu afike hatukuwa tumevuka salamu. Nikasoma haraka. Mzimu alikuwa amefunika macho kwa mikono miwili huku akipiga kelele.

"Anasema, askari wangu mmekwenda vitani bila nguo. Rudini mkavae."

Mama akacheka. Kilianza kicheko kidogo cha puani, kikashuka kifuani, akawa anapigapiga mkono wa kochi na kujifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mke wangu anamwomba aache, mshono unauma, na yeye mwenyewe hawezi kuacha kucheka. Nami koridoni nikacheka kwa sauti yangu yote.

"Ana heshima huyo," mama akasema alipopata pumzi. "Ndiyo maana kajifungia humo."

Sehemu ile nitaitetea mbele ya mtu yeyote. Mvua inashuka ghafla, watu wanakimbilia gari, wanahesabiana, wanaondoka wakiimba. Kisha picha inarudi ufukweni. Friji liko peke yake mchangani. Mlango unafunguka kidogo, jicho moja linachungulia. Ikaishia hapo.

Mama akauliza kama watarudi kumchukua. Nikamwambia hatujui mama, hiyo mpaka Jumamosi ijayo.

Akaendelea kuitazama televisheni iliyozimika. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mpigie kaka yako," akasema. "Mwambie asije stendi."